Kwa Nini Presha Huuharibu Moyo

Kurasa hizi huwa zajaa habari za mpira, za mabweni na za mitihani, na zote ni habari njema. Leo naomba nafasi nieleze jambo moja la elimu ya viumbe ambalo twalisoma juu juu tu darasani, ilhali laingia katika kila nyumba ya kandokando ya ziwa letu. Jambo lenyewe ni hili: presha huuharibu moyo kwa njia gani, na zile dawa wanazopewa wazazi wetu zafanya kazi gani ndani ya mwili?

Watu wengi hapa Mwanza wakisikia fulani amevimba miguu na hawezi kupanda kilima bila kupumzika, husema amerogwa, au ana mawazo mengi. Wengine husema presha ni ugonjwa wa matajiri na wanene. Lakini hospitali ya rufaa ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima kile kinachotazama mji na ziwa, ina ushahidi mwingine. Katika taarifa iliyochapishwa mwaka 2013, madaktari waliowafuatilia wagonjwa waliolazwa huko kwa muda wa miaka mitatu walionyesha kuwa magonjwa yatokanayo na presha ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya watu wazima wodini. Huko Dar es Salaam nako, katika hospitali ya Muhimbili, uchunguzi uliotolewa mwaka 2014 uliwahusu wagonjwa 427 ambao mioyo yao ilikuwa imeshindwa kazi. Takriban 45 katika kila 100 walifikishwa hapo na presha. Umri wao wa wastani ulikuwa miaka 55. Ulaya ugonjwa huo huwapata zaidi wazee wa miaka 70 na kuendelea. Maana yake ni kwamba kwetu unawachukua watu ambao bado wanalima, wanavua, na wanalipa ada za watoto.

Kengele na masikio

Ili tuelewe jambo hili, yafaa kwanza tujue homoni ni nini. Homoni ni ujumbe unaotolewa na kiungo kimoja na kusafiri katika damu mpaka viungo vingine. Homoni nyingine hujengwa kwa asidi amino zilizoungwa kama shanga katika uzi, nazo huitwa homoni za peptidi. Insulini, ambayo wengi wameisikia kwa sababu ya ugonjwa wa kisukari, ni mojawapo, nayo ina shanga 51. Ile ninayotaka kuieleza leo ni fupi sana, ina shanga nane tu. Jina lake ni angiotensini ya pili.

Sasa, damu hupita kila mahali. Kwa nini basi homoni moja iwe na kazi kwa figo, na kazi nyingine kwa moyo, na isiwe na kazi yo yote mahali pengine? Tufikirie kengele ya shule ya bweni, ambayo mara nyingi ni rimu kuukuu ya lori iliyoning'inizwa mtini. Ikigongwa alfajiri, sauti yake ni moja, na yafika kila upande. Lakini mpishi akiisikia huchochea moto, kiranja hufungua milango, na wanafunzi hukimbilia maji. Mbuzi wanaokula majani nyuma ya bweni nao hupigwa na sauti ile ile, wala hawashughuliki, kwa maana hawana habari nayo. Ujumbe ni mmoja, lakini kazi inayofanyika yategemea msikilizaji.

Katika mwili, sikio la kusikia homoni huitwa kipokezi. Ni protini iliyopachikwa katika ngozi nyembamba ya seli. Kipokezi kikuu cha angiotensini ya pili huitwa AT1. Mpangilio wake ulisomwa mwaka 1991: nacho ni mnyororo wa asidi amino 359, unaopenya ngozi ya seli mara saba, kama uzi wa mshonaji unavyoingia na kutoka katika kitambaa. Homoni haiingii ndani ya seli. Hujishika kwa nje tu, na hapo kipokezi hujipinda kidogo. Ule mpindo ndio habari yenyewe, kwa kuwa huziamsha protini zilizo ndani, nazo huachilia kalisi, na ikiwa seli ni ya msuli, basi hujikunyata. Seli isiyo na kipokezi hicho ni kama wale mbuzi: homoni hupita karibu nayo bila kuisumbua.

Kengele hii hugongwa na nani?

Hugongwa na figo. Jambo hili lilianza kujulikana mwaka 1898 huko Stockholm, pale Robert Tigerstedt na mwanafunzi wake Per Bergman walipochukua maji ya figo za sungura na kuyadunga katika sungura wengine. Presha ya wale sungura ilipanda. Dutu iliyomo wakaiita renini. Watu hawakuijali sana habari hiyo mpaka mwaka 1934, wakati Harry Goldblatt huko Cleveland, Marekani, alipobana kidogo mshipa upelekao damu katika figo za mbwa. Figo iliyopungukiwa damu ilipandisha presha ya mwili mzima. Mwaka 1940 wataalamu wa Buenos Aires na wa Indianapolis, kila kundi bila kulitegemea lingine, waligundua homoni yenyewe, na kila kundi likaipa jina lake. Waliafikiana jina moja mwaka 1958, wakichukua nusu ya jina la huku na nusu ya jina la kule.

Mpango wenyewe ni huu. Ini hutengeneza protini ndefu na kuiacha izunguke katika damu bila madhara. Figo ikiona damu inayoifikia ni kidogo, au chumvi imepungua, hutoa renini. Renini ni mkasi wa kwanza: hukata kipande cha shanga kumi. Kipande hicho bado ni bubu. Kikipita katika mishipa ya damu, na hasa ile ya mapafu, hukutana na mkasi wa pili, ambao hukata shanga mbili za mwisho. Zinabaki nane, na sasa kengele yalia.

Wasikilizaji wake ni wengi. Mishipa midogo ya damu hujikaza, na presha hupanda. Tezi ndogo zilizokaa juu ya figo hutoa homoni nyingine, aldosteroni, inayoziamuru figo zizuie chumvi, na chumvi ikizuiwa, maji nayo hubaki. Ubongo huleta kiu. Na moyo pia una masikio ya AT1. Jambo hili la mwisho tulishike vizuri, kwa sababu ndilo lenye hatari.

Kengele ya dharura

Tusidhani kwamba mwili umetengenezewa adui wake. Mpango huu ni mwema kabisa. Mvuvi aliyevuta nyavu usiku kucha, akatoka jasho jingi, angezimia asingekuwa nao. Mtoto aliyeharisha mpaka macho yakaingia ndani, mama aliyepoteza damu wakati wa kujifungua, wote hushikiliwa na kengele hii mpaka msaada ufike. Ni kengele ya moto. Shida ni pale inapolia mchana na usiku, mwezi hata mwezi, na hakuna moto.

Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 70 hivi kwa dakika, yaani kama mara 100,000 kwa siku. Mishipa ikikazwa, kila pigo ni la kusukuma mlango uliobanwa. Msuli wa moyo, kama msuli wa mkono wa mpiga makasia, hunenepa. Lakini unene huu si wa nguvu. Kuta zikinenepa nafasi ya damu hupungua, na moyo huwa mgumu kujaa. Zaidi ya hayo, AT1 zilizo katika moyo wenyewe hupokea ujumbe usemao "jenga, ongeza," na katikati ya msuli huota nyuzi ngumu kama za kovu. Basi presha huuumiza moyo kwa mzigo, na homoni huuumiza kwa amri.

Mwishowe moyo huchoka, hupanuka, na damu unayosukuma hupungua. Hapa panatokea jambo la kusikitisha. Figo hazijui kwamba moyo ni mgonjwa. Zinachojua ni kwamba damu inayozifikia ni kidogo, kana kwamba mtu anatokwa damu mahali fulani. Nazo zinagonga kengele kwa nguvu zaidi. Mishipa inazidi kukazwa, chumvi na maji vinazidi kuzuiwa, miguu yavimba, mapafu yalowa, na mgonjwa hawezi kulala ila kwa kukaa. Figo zataka kusaidia, na msaada wao ndio unaomzamisha.

Moyo nao hauketi kimya. Mwaka 1981 Adolfo de Bold na wenzake huko Kanada walidunga panya maji yaliyotolewa katika vyumba vya juu vya moyo wa panya wengine, na wale panya wakakojoa sana na kutoa chumvi nyingi. Ikajulikana kwamba moyo ukitanuliwa kupita kiasi hutoa homoni yake wenyewe ya peptidi, yenye vipokezi vyake katika figo na mishipa, isemayo, "Toeni chumvi, legezeni mishipa." Hiyo ni kengele ya pili, ya kuituliza ile ya kwanza. Lakini katika ugonjwa uliokomaa sauti yake hushindwa.

Habari za ziwa letu

Huenda mtu akauliza: je, ugonjwa huu ulikuwapo kwetu tangu zamani? Habari zilizoandikwa zatushangaza. Mwaka 1929 daktari mmoja Mwingereza, C. P. Donnison, alitangaza matokeo ya kupima presha za watu wapatao 1,000 katika wilaya iliyokuwa ikiitwa South Kavirondo, upande wa Kenya wa ziwa hili hili. Aliona kwamba presha ya watu wa huko haikupanda kwa uzee kama ilivyopanda kwa Wazungu, bali baada ya miaka 40 ilielekea kushuka. Tena katika hospitali yao, miongoni mwa wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa katika miaka miwili, hakukuta hata mmoja mwenye presha ya juu.

Miaka sitini baadaye, mwaka 1990, Neil Poulter pamoja na wenzake, akiwamo Mugambi wa Kenya, walitoa uchunguzi wa Wajaluo waliotoka vijijini kaskazini mwa ziwa kwenda kuishi Nairobi. Waliwalinganisha na ndugu zao waliobaki nyumbani. Muda mfupi tu baada ya kufika mjini, presha za wale wahamiaji zilikuwa juu kuliko za waliobaki. Mkojo wao ulionyesha kwamba chumvi waliyokula ilizidi, na potasiamu, ambayo twaipata katika mboga, matunda na viazi, ilipungua. Uzito wao nao ulikuwa umeongezeka. Damu yao ilikuwa ile ile ya kwao. Kilichobadilika ni chakula na maisha.

Habari hizi zatufundisha jambo. Babu zetu waliishi mahali ambapo chumvi ilikuwa adimu, na jasho lilikuwa jingi. Mwili uliojua kuishika chumvi ulikuwa na heri. Leo chumvi yauzwa kwa kila duka, samaki wa kukaushwa hupakwa chumvi tele, na supu bila chumvi haiitwi supu. Mwili bado waishika kama zamani. Haya hayapo Nairobi peke yake. Uchunguzi uliofanywa Mwanza na wilaya za jirani pamoja na kusini mwa Uganda, uliochapishwa mwaka 2015, ulikuta presha ya juu kwa watu wa mjini na wa vijijini pia, na wengi wao hawakujua kwamba wanayo.

Dawa zafanyaje kazi?

Ikiwa kengele yasumbua, kuna njia mbili: umnyang'anye mgongaji nyundo, au uwatie wasikilizaji pamba masikioni. Madaktari wametumia zote mbili.

Njia ya kwanza ilitoka kwa nyoka. Mwaka 1965 Sérgio Ferreira wa Brazil alieleza dutu iliyomo katika sumu ya nyoka wa nchi yake aitwaye jararaca. Baadaye ilionekana kwamba dutu hiyo huuzuia ule mkasi wa pili. Kwa kufuata mfano wake wataalamu wakatengeneza kidonge, kaptoprili, kilichoruhusiwa Marekani mwaka 1981. Ndugu yake, enalaprili, alijaribiwa katika nchi za kaskazini ya Ulaya kwa wagonjwa 253 ambao mioyo yao ilikuwa imechoka kabisa. Katika matokeo yaliyotolewa mwaka 1987, baada ya miezi sita walikuwa wamekufa 44 katika kila 100 ya wale waliopewa kidonge kitupu, na 26 katika kila 100 ya waliopewa dawa. Hiyo si tofauti ndogo. Ila dawa hizi huwapa watu wengine kikohozi kikavu.

Njia ya pili ni ya pamba. Losartani, iliyoanza kutumiwa mwaka 1995, hukaa katika kipokezi cha AT1, mahali pale pale pa homoni, lakini haikipindi. Homoni yafika, yakuta kiti kimekaliwa, yapita. Mishipa hulegea, figo huachia chumvi, na moyo hupumzishwa kutokana na ile amri ya "jenga, ongeza."

Hata hivyo dawa moja haiwafai watu wote sawasawa. Kwa Waafrika wengi wenye presha, renini katika damu huwa chini. Yaani kengele haipigwi sana, bali shida kubwa ni chumvi na maji yaliyoshikwa. Ndiyo sababu uchunguzi uliotolewa mwaka 2019, uliowachukua wagonjwa 728 katika nchi sita za Afrika, zikiwamo Kenya na Uganda, ulikuta kwamba mchanganyiko wenye amlodipini, dawa ya kulegeza mishipa kwa njia nyingine, ulishusha presha vizuri kuliko mchanganyiko usiokuwa nayo. Lakini moyo ukishachoka, na figo zikaanza kugonga kengele bila kukoma, hapo dawa za kuizuia angiotensini zina manufaa makubwa kwa mtu wa rangi yo yote. Basi si vema kuomba vidonge vya jirani kwa kuwa vimemfaa yeye. Tena dawa hizi za mkasi na za pamba hazimfai kabisa mama mjamzito, kwa maana zaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Kwa nini mtu asiache dawa

Baba mdogo wangu ni mvuvi wa dagaa huko Ukerewe. Alipimwa, akaambiwa ana presha, akapewa vidonge vya mwezi mmoja. Vilipokwisha alijiona mzima, akasema hana haja ya kurudi. Hakuwa mpumbavu, alifanya kama tufanyavyo sote kwa malaria, ambapo dozi ikiisha na homa imekwisha. Baada ya miezi kadhaa alianza kupumzika mara mbili kati ya mwalo na nyumbani, na usiku alilala ameegemea ukuta. Sasa yuko kliniki, anaendelea vizuri, lakini nyavu nzito havuti tena.

Wengi wa wazazi wetu huuliza swali lile lile: "Ikiwa nimepona, dawa ya nini?" Jibu limo katika mfano wetu. Dawa ya malaria huua vijidudu, navyo vikifa kazi imekwisha. Dawa ya presha haiui kitu, wala haimwondoi mgongaji. Ni pamba tu masikioni, na pamba yenyewe hudumu kama siku moja hivi. Siku uitoapo, kengele ipo pale pale. Na presha haina maumivu ya kumwonya mtu. Anajiona mzima wakati kuta za moyo wake zinanenepa.

Basi nina maombi machache. Wazazi, mkipita zahanati ombeni kupimwa, hata kama hamwumwi. Kipimo kikifika 140 kwa 90 au zaidi, kirudiwe siku nyingine, na mfuate maneno ya daktari. Samaki wa chumvi alowekwe, na maji yale yamwagwe. Shirika la Afya Duniani lashauri chumvi yote ya siku isipite gramu 5, yaani kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyokwisha kuingia jikoni. Mchicha, matembele na viazi vitamu, ambavyo twavidharau kwa kuwa ni vya nyumbani, ni rafiki za moyo.

Kwa walimu wetu, sisi wanafunzi wa sayansi twaomba kwamba siku ya wazazi ijayo aalikwe muuguzi mwenye mashine ya presha, aketi chini ya mwembe karibu na mahali pa kuandikia majina. Sisi tutaweka viti na kupanga foleni. Mzazi aliyesafiri kutoka Magu, Sengerema au Ukerewe kuja kutazama alama zetu aondoke na kikaratasi kimoja zaidi, chenye namba zake mwenyewe.